Plastiki ya Betri

Muuguzi alikuwa amechoka hadi kope zinamuuma. Kwa mara ya tatu wiki hiyo baiskeli yake ya umeme ilimzimikia kwenye mvua, akaisukuma kutoka kwa mgonjwa wa mwisho hadi kwa fundi, kilima chote, viatu vimejaa maji. Jamani, miaka hamsini na mitatu si umri wa kusukuma vyuma.

Fundi alichomoa betri, akaigeuza. Vile vibati vidogo vinavyopitisha umeme vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Akauliza kama hufungwa kwenye plastiki, akaambiwa ndiyo, mzee wa nyumbani huifunga kila jioni isilowe. Fundi akaguna. Mvua haina kosa, alisema. Betri ikifungwa ingali na majimaji, hutoka jasho humo ndani usiku kucha. Ifutwe kwa kitambaa kikavu, iachwe ipate hewa, kisha vibati vipakwe grisi yake maalumu, kiasi cha ncha ya kidole. Alikwangua kutu, akampa kikopo, akamwonya kwamba vibati vikiendelea kuliwa, betri ndiyo basi tena.

Wema hauozi, wanasema. Huu wa mumewe ulikuwa umeota kutu, na nani angemwambia? Tangu apooze upande wa kushoto, mzee hakubakiwa na kazi nyingine. Kuifunga betri kulimchukua nusu saa, kwa mkono mmoja na meno, na akimaliza alikaa wima kama mtu ambaye siku nzima imemwendea vizuri. Njia nzima muuguzi alitafuta uongo wa kumpa. Wapi! Alikuwa amechoka hata kudanganya.

Alimkuta mlangoni, plastiki ameshaikunjua mapajani.

"Mzee, hiyo plastiki ndiyo inayoua betri," alimwambia, akamweleza yote.

Mzee aliviangalia viatu vya mkewe.

"Kwa hiyo uliposema umechelewa kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi, ulikuwa unasukuma?"

"Nilikuwa nasukuma."

Muuguzi alidhani mumewe atalia, au atagomba. Mzee aliisukuma plastiki ikaanguka chini, akanyoosha ule mkono mzima.

"Lete kitambaa," alisema. "Na kesho ikikuzimikia, uniambie. Mimi nimepooza mkono, sijapooza masikio."