Sombe ya Mamie

Masika alijisifu kwamba hakuna msaidizi mwenye mkono mwepesi kama wake katika kliniki ya meno ya Daktari Gaël, pale Malvern, na wala hakuona haya kulisema mbele za watu. Daktari alipomtuma yeye na mwenzake Mamie wakachanjwe homa ya ini, alichomwa sindano ya kwanza, bega likamuuma, basi, hakurudi tena.

"Nimegusa damu za watu tangu Butembo," alimwambia Mamie. "Zingekuwa za kuniua, zingeshaniua."

"Yaya," Mamie akajibu, akimwita dada mkubwa kama ilivyo kwao, "sindano ni tatu. Moja haitoshi."

Wapi! Mamie akaenda peke yake mpaka akamaliza.

Walitoka mji mmoja hao, Butembo, wakakutana huku ugenini. Kila mchana walikaa nyuma ya kliniki wakala bakuli moja, ugali na sombe, yale majani ya muhogo, aliyopika Mamie, huku wakimsengenya Daktari kwa ubahili wake.

Sasa siku moja kliniki imefurika, Daktari anafoka, Masika akairudishia sindano ya ganzi iliyotoka kinywani mwa mgonjwa kifuniko chake kwa mikono miwili, jambo alilokatazwa mara chungu nzima. Ikamchoma kidole. Akasuuza, akavaa glavu mpya, akaita mgonjwa mwingine. Angemwambia nani aibu ile, yeye bingwa wa mkono mwepesi?

Miezi ikapita. Chakula kikaanza kumtia kichefuchefu, mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, na asubuhi moja kioo kikamwonyesha macho ya njano. Shangazi yake Agnès alimtazama mara moja tu, akashika kichwa.

"Karuho! Mwanangu, wamekulisha karuho!"

Kwao kila mtu anaiogopa hiyo, sumu ya polepole ambayo mtu wa karibu anakutilia kwenye chakula.

"Nani anakupikia?"

Masika angeweza kukitaja kidole. Alikikumbuka, jamani, alikikumbuka pale pale! Lakini kidole kilikuwa kosa lake, na sombe ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mamie," akasema.

Jina hilo lilifika kanisani kabla ya Jumapili. Kina mama wakahama benchi la Mamie. Sufuria aliyopeleka kwenye matanga ikarudi kwake haijaguswa. Kazini akala peke yake, na Masika akapita akiangalia pembeni. Nyumbani shangazi alimnywesha mizizi michungu ili aitapike sumu, akatapika mpaka siku moja akaanguka kwenye robot, taa za barabarani, ya Jules Street, magari yanampigia honi.

Hospitalini wakampima damu. Homa ya ini, aina ya B.

"Unafanya kazi kwa daktari wa meno?" daktari aliuliza. "Umewahi kujichoma?"

Masika akaanza kulia.

"Ini lingeweza kupona lenyewe," daktari akasema. "Hiyo mizizi ndiyo imeliumiza vibaya. Sasa siwezi kukuahidi kitu."

Alipoweza kusimama alikwenda kwa Mamie. Alimkuta amekonda, nusura asimtambue. Akapiga magoti mlangoni akayasema yote, chanjo aliyoiacha, kidole, na kwamba alijua tangu siku ile alipolitaja jina lake.

"Nisamehe, Mamie. Nitasimama kanisani nitangaze."

"Tangaza. Watasema amina, halafu uone kama kuna atakayekula kwangu." Akamwinua. "Ingia, yaya. Umeshinda njaa."

Akaleta sombe na ugali, akaweka mbele yake. Kisha akamega tonge kutoka sahani ile ile ya Masika, akachovya, akatafuna, akameza, akaachama kinywa kuonyesha kwamba hakikubaki kitu, kama wagonjwa wao wanavyoachama kwenye kiti.

Masika aliumia kuliko alivyoumwa na ini.

"Usifanye hivyo, nakuomba. Mimi najua haina kitu."

"Ndivyo ninavyokaribisha watu siku hizi," Mamie akasema, akamsogezea sahani. "Hata mwanangu sasa hali mpaka anione nimemeza kwanza."