Ubeti wa Ivy

Vumbi la Fens, nyanda zile tambarare za mifereji, ni jeusi. Huja Aprili, kabla vitunguu havijashika mizizi. Upepo hulinyanyua shamba zima pamoja na mbegu zake, ukalipeleka kwa jirani bila hodi. Huingia chini ya milango, huingia kwenye sukari, huingia kwenye mikunjo ya shingo. Ndani ya vumbi hilo Adrian Pelling alishuka basi, mzee wa miaka sabini na minne, santuri kwapani, aibu kifuani. Na katika mizigo hiyo miwili, santuri ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Ilianza kwa barua. Kampuni moja ya muziki ilitaka kuitoa upya Matete Chini ya Theluji, santuri yake ya mwaka 1971, santuri yake ya pekee, wakamwomba maneno machache ya kumbukumbu kwa ajili ya jalada jipya. Vijana wa leo wanaipenda, walisema. Huisikiliza wakiwa na huzuni. Adrian akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba? Akaandika juu ya nyumba ya kupanga yenye ukungu ukutani, juu ya nywele zilizofika mabegani na jiko la mafuta ya taa, juu yao wote waliokimbia mji wakidhani huzuni ya kweli hupatikana mashambani, kama mayai. Akajaza kurasa tatu, tamu kupita kiasi. Kisha akaipiga santuri, mara ya kwanza baada ya miaka arobaini, ahakikishe tu mpangilio wa nyimbo.

Ukafika wimbo wa nne.

Ilikuwa sauti yake, sauti ya ujana, nyororo, ikimlilia mpenzi aliyezama. Gitaa likidondoka tone kwa tone. Na kwenye jalada, chini ya jina la wimbo, yalikuwapo maneno aliyoyaandika mwenyewe: Wimbo wa jadi. Umepangwa na A. Pelling.

Wimbo wa jadi. Yaani hauna mwenyewe. Yaani uliota njiani, mpita njia akauchuma.

Ulikuwa na mwenyewe. Aliitwa Edie Thulborn, mke wa mlinzi wa mifereji, na Adrian alikula keki yake.

Siku zile wengi walifanya hivyo. Vijana wa vyuo, baiskeli na kinasa sauti, walizunguka vijijini wakivuna nyimbo kwa wazee kabla kifo hakijawatangulia. Walizipenda nyimbo za kale, Mungu anajua walizipenda, wakawapenda na wazee kwa ajili ya nyimbo. Lakini walikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeisema kwa sauti: kwamba mzee hatungi, mzee hukumbuka tu.

Bi Edie aliimba akipiga pasi, bila gitaa, bila madaha, macho kwenye kola ya shati. Alipomaliza akamwambia wazi kwamba huo haukuwa wa bibi yake. Aliutunga mwenyewe, akifua, mwaka ule binti yake Ivy alipoingia mferejini asitoke. Ivy alikuwa na miaka mitatu. Jina lake lilikuwamo katika ubeti wa tatu, jina lenyewe, halikufichwa.

Adrian, ili aonekane mtu wa maana, akamweleza desturi yao: katika vile vyumba vya juu ya baa walimokusanyika kuimba, mtu haanzi wimbo kabla hajamtaja aliyempa. Ni heshima, alisema. Wimbo bila jina la mtoaji ni wimbo wa wizi.

Bi Edie akageuza shati. "Langu liache, mwanangu. Mimi nipo, watu wananiona. Ukiuimba, mtaje Ivy."

Akasema ndiyo. Alisema ndiyo mdomo umejaa keki.

Hakumtaja. Hilo ndilo, na halina njia nyingine ya kulisema. Wimbo ule ulisikika kama wa miaka mia mbili, mzuri wa kutisha, na ubeti wa tatu tu ndio uliouharibia ukale. Ivy lilikuwa jina la mtoto wa juzi, si la enzi za kale. Basi akaukata ubeti. Mtoto akamgeuza mpenzi, mfereji akaugeuza mto. Na kwa kuwa tepe zilikuwa adimu, na kila mtu alifuta ya jana ili anase ya leo, wiki iliyofuata alinasa juu ya sauti ya Bi Edie wimbo wa mzee mmoja juu ya mbweha na bata. Akaona ametumia akili.

Wimbo wa jadi. Kwa miaka hamsini alijiambia hakujua. Alijua.

Pauline alifungua mlango kabla Adrian hajabisha. Huyu ndiye binti wa Bi Edie aliyezaliwa baada ya Ivy. Sasa naye ana miaka themanini, mgongo wima, macho ya mama yake. Adrian alikuwa amemwandikia kwamba angependa kuja kwa habari ya wimbo wa marehemu mama yake, hakusema zaidi. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, vikombe vya wageni vimetolewa kabatini. Pauline akapangusa vumbi kwenye kiti, akamtazama juu hadi chini.

"Kwenye jalada ulikuwa na nywele," akasema. "Zimechukuliwa na upepo wetu?"

Adrian akacheka kicheko cha mtu asiyestahili kucheka. Kisha akayasema yote aliyoyakariri kwenye treni, kwa mpangilio mbovu kuliko alivyoyakariri: keki, ahadi, ubeti, jalada. Akasema jalada jipya litakuwa na jina la Edie Thulborn, mtunzi, na la Ivy. Akasema anaona aibu. Neno hilo lilikuwa dogo mno, lakini hakuwa na jingine.

Pauline alikoroga chai yake. Akasimulia kwamba mama yake aliisikia ile santuri, mara moja, kwa jirani aliyekuwa na gramafoni. Aliisikiliza amesimama, koti hajalivua.

"Alisema nini?"

"Alisema unaimba vizuri." Akapuliza chai yake. "Akasema, 'Ila mtoto kamtoa.' Basi. Tukarudi nyumbani, akamenya viazi."

Tangu siku hiyo hakuuimba tena. Alikuwa akiuimba kila Jumatatu, siku ya kufua, miaka nenda miaka rudi. Jumatatu iliyofuata alifua kimya, na zilizofuata pia, mpaka akafa.

"Mimi ubeti wa Ivy siujui," Pauline akasema, na kwa mara ya kwanza akatazama chini. "Nilikuwa naziba masikio. Wivu tu wa kitoto. Marehemu ana wimbo, mimi niliye hai sina." Akasogeza kikombe kando, akanyoosha kitambaa kwa viganja vyote viwili. "Lakini wewe ulikuwa na mashine. Haya, niimbie. Nimeungoja."

Ndipo Adrian alipoelewa vile vikombe vya wageni. Ilimpasa aseme palepale kwamba tepe ile aliifuta. Ulimi ukakataa, ulikuwa ulimi uleule uliosema ndiyo mdomo umejaa keki. Badala yake akaimba, kwa sauti ya kizee yenye mikwaruzo, bila gitaa. Ubeti wa kwanza. Pauline akafumba macho, akaanza kugonga meza kwa kidole, taratibu, mapigo ya mtu asuguaye nguo kwenye ubao. Ubeti wa pili. Midomo yake ilikuwa ikifuata.

Ubeti wa pili ukaisha.

Ubeti wa tatu ulikuwa na kiatu ndani yake, Adrian alikumbuka hilo. Kiatu, na jina. Alitafuta, akatafuta, na kila alipogusa aliwakuta mbweha na bata.

"Ivy," akasema.

Hakikufuata kitu. Pauline hakufumbua macho. Uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, na kidole kikaendelea kugonga meza, taratibu, kikingoja yaliyobaki.