Juu Tu ya Mstari Mwekundu

Chumba cha kuongozea gridi ya umeme kilikuwa kimya, na Mama Hamsini hakuupenda ukimya ule hata chembe. Jina hilo wenzake walimpachika kwa sababu ya namba iliyowaka ukutani: hamsini. Umeme unaozalishwa ukilingana na unaotumika, namba hutulia hapo. Unaozalishwa ukipungua, hushuka; ikishuka mno, mitambo hujizima mmoja baada ya mwingine na nchi nzima huingia gizani.

Tatizo lilikuwa soko. Umeme uliuzwa kwa saa, kama chumba cha gesti. Saa ikigonga, huyu anazima, yule anawasha, na gridi katikati yao inayumba. Jioni hiyo bwawa la kuzalisha umeme lingetoka saa moja kamili, mtambo wa gesi uingie. Zikiwa zimebaki dakika chache, mtu wa gesi akapiga simu.

"Mama, umegoma kuwaka. Nipe robo saa."

"Robo saa niitoe wapi, baba?"

Akakata, akapiga bwawani. Aliyepokea ni mdogo wake, tumbo moja, ndiye aliyeendesha mitambo kule.

"Usizime," akamwambia.

"Dada, mwezi uliopita uliniomba nibaki, nikabaki. Soko likasema nimezalisha umeme usio na mnunuzi, nikapewa onyo la mwisho. Nina watoto mimi." Akavuta pumzi. "Leo unaniomba au unaniamuru?"

Simu ile ilirekodiwa: ombi lingemponza mdogo wake, amri ingemponza yeye. Kanuni ilisema amri hutolewa namba ikishagusa mstari mwekundu, ule wa hatari uliochorwa chini ya hamsini, si kabla, na aliyeivunja alifukuzwa. Lakini ikifika hapo, maji yamekwisha mwagika.

"Usijitie kitanzi," mkuu wa zamu akamnong'oneza. "Iache iguse kwanza."

Mama Hamsini aliogopa, tena sana. Kiti kile alikisotea miaka mingi, na ndicho kilicholisha nyumba yake. Lakini hospitali nazo zilikuwa kwenye waya uleule.

"Nakuamuru," akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Baki mpaka nikwambie. Amri ni yangu peke yangu."

"Sawa, dada."

Saa ikagonga. Wauzaji wengine wakazima kama ilivyo ada, na namba ikaanza kuteremka. Ikaukaribia mstari, ikasita, ikasimama juu yake kidogo tu. Bwawa lilikuwa limeishikilia. Gesi ilipowaka hatimaye, namba ikapanda polepole hadi hamsini, na huko mjini hakuna aliyejua kama kulikuwa na jambo.

Simu ya soko ikaita. Mkuu wa zamu akanyoosha mkono, lakini Mama Hamsini akamtangulia.

"Tumeangalia rekodi," sauti ikasema. "Mstari haukuguswa. Sasa uliamuru kwa sababu gani?"

"Ili usiguswe," akajibu, akaanza kukusanya miwani na kikombe chake.