Mume wa Mwenyekiti

Kila mtu alimwita Dakta, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa tabibu msaidizi wa zahanati kwa miaka thelathini, na alipostaafu jina halikustaafu naye. Baadaye mama yake alipooza, akalala kitandani miaka mitatu. Dakta alimgeuza, akamwosha, akamlisha hadi mwisho. Baada ya msiba ndipo alipogundua ni nyumba ngapi, za ufukweni na za mashambani kule juu, zilikuwa na mtu amelala vivyo hivyo bila wa kumgeuza.

Akaanzisha chama. Walianza watu kumi na wawili wakafika arobaini: wakulima, wavuvi, wachuuzi wa sokoni. Walipangiana zamu za kwenda kuwahudumia wagonjwa wasiotoka ndani, bila malipo. Mwenyekiti akawa Dakta. Katibu, kwa sehemu kubwa, akawa Dakta pia. Daftari la wagonjwa, lenye habari ya kila mmoja, anameza nini na hawezi nini, alikaa nalo Dakta, na kwa kuwa liliandikwa kwa mwandiko wa zahanati, aliweza kulisoma Dakta peke yake.

Mkewe alikuwa mshonaji. Wageni walipokuja, Dakta alimtambulisha kwa maneno yale yale kila mara: "Na huyu ndiye anayetushonea aproni."

Miaka tisa ikapita hivyo. Kisha akaja mwezeshaji.

Alikuwa dada mmoja mfupi, mwenye sauti ya kufundishia, kutoka mtandao unaovisaidia vyama vidogo visimame vyenyewe. Alianza kwa kusema kwamba hakuja na fedha. Watu wawili waliinuka wakaenda zao. Waliobaki akawatandikia karatasi kubwa sakafuni, akaandika majina yote, akampa kila mtu kalamu.

"Ukipata shida na mgonjwa," alisema, "unamkimbilia nani kwanza? Chora mstari kutoka kwako mpaka kwake."

Dakta aliegemea kiti. Alishatengeneza uso wa mtu asiyependa kusifiwa. Watu walipiga magoti, wakachora, wakacheka, wakagongana vichwa. Walipoinuka, mistari ilikuwa imejazana sehemu moja kama nywele kwenye kitana, na sehemu yenyewe haikuwa kwake. Ilikuwa kwa mshonaji. Kwa Dakta ilifika sita, na mmoja wa hiyo sita aliuchora mwenyewe.

"Huyu mama ni nani?" mwezeshaji aliuliza.

"Ni mke wangu," Dakta alijibu upesi. "Anatushonea aproni."

Watu walicheka, wakidhani anatania. Mkewe alitazama chini, akawa anaondoa uzi uliong'ang'ania kwenye kanga. Dakta aliliona lile tabasamu dogo alilokuwa akilizuia, na kitu kikamkaa kooni, kigumu kama kokwa.

Mafunzo yalichukua miezi minne. Chama kikaandika katiba, na katiba ikasema uongozi una muda wake. Siku ya uchaguzi Dakta alipata kura tisa. Mkewe alipata thelathini na moja. Wakampigia Dakta makofi marefu na kumpa cheo cha mshauri, na yeye akasimama, akainama kidogo, akakaa.

Njiani kurudi nyumbani mkewe alisema, "Sikuomba, baba watoto."

"Nani kasema umeomba?"

"Umenyamaza tangu pale."

"Natembea. Mtu hatembei kwa mdomo."

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Hodi ilipopigwa Dakta alinyanyuka, na mgeni akachungulia nyuma yake: "Mwenyekiti yupo?" Simu ya mkewe ililia akiwa na pini mdomoni, akaizungumzia hivyo hivyo, cherehani ikinguruma. Mchuuzi mmoja sokoni alimsalimu, "Mume wa mwenyekiti, hujambo?" Alisema kwa uzuri tu. Dakta akaacha kununua kwake.

Akaanza vijimambo. Mkewe akiandika barua, yeye anaisoma kwa sauti na kusimama kwenye kila kosa. Mkewe akieleza jambo mkutanoni, yeye anakohoa. Alijua anavyofanya. Alijiambia kwamba ni chama chake anachokilinda, kwamba mtu hawezi kujenga nyumba kisha akaambiwa asimame nje ya mlango. Lakini alipolala mchana, macho kwenye dari, hakukiwaza chama. Aliwaza ile mistari. Aliwaza kwamba watu wale wote, kwa miaka yote ile, walimpita yeye barazani wakaenda kusimama karibu na cherehani, naye akadhani wanapeleka nguo.

Jambo moja alilishikilia: daftari. Mkewe aliliomba mara tatu ili habari zake ziandikwe upya, kila mhudumu apate za mgonjwa wake. Mara tatu Dakta alimjibu, "Bado nanakili." Hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja.

Kisha mtandao ukamwita mwenyekiti mjini kwa siku tatu, akaeleze mbele ya vyama vingine jinsi walivyopanga zamu zao. Akashona gauni jipya, la bluu. Dakta alimtazama akijipima mbele ya kioo, akageuka akatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

"Zamu yangu kwa Mpishi ataishika Msusi," mkewe alisema akifunga mkoba. "Ni mgeni, hajui lolote. Mwoneshe kwenye daftari namna mzee anavyolishwa. Tafadhali, mume wangu. Hili usilisahau."

"Nimesikia."

Mpishi alikuwa mzee aliyepika hotelini maisha yake yote, kabla ya kupooza upande wa kulia. Koo lake lilikuwa halina nguvu. Alilishwa akiwa ameketi wima, kidevu chini, uji mzito, kijiko kidogo, upande wa kushoto. Yote hayo yalikuwa daftarini. Msusi alikuwa mwanamke kijana aliyesuka nywele kwenye kibanda karibu na kisima, mwezi wa pili tangu ajiunge. Jioni ile Dakta alikutana naye njiani. Akamsalimu, akamuuliza hali ya biashara, akamwambia mvua inakuja. Maelezo ya kumlisha Mpishi yalimfika ulimini. Akayameza. Akajiambia: mwenyekiti ana simu, si ampigie mwenyewe.

Kesho yake asubuhi aliona watu wanapita mbio mbele ya nyumba yake. Hawakusimama. Walimpita Dakta, tabibu wa miaka thelathini, kama wanavyoupita mti. Akavaa kiatu kimoja, akaacha cha pili, akawafuata.

Alipofika kwa Mpishi, kazi ya kumwokoa ilikuwa imeisha. Mzee aliketishwa kitandani, midomo bado ya bluu, anavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu. Uji mwepesi ulikuwa umemwagika kifuani na kwenye mto. Msusi alikuwa amepiga magoti, simu sakafuni, na kutoka kwenye ile simu sauti ya mkewe ilikuwa ikitoka, tulivu kabisa.

"Anapumua? Usimlaze. Mwinamishe mbele hivyo hivyo. Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri sana."

Dakta alisimama mlangoni. Hofu aliyokimbia nayo ilimtoka, na ajabu ni kwamba kilichobaki kilikuwa wivu. Mzee alinusurika, na yeye akaona wivu. Alijichukia papo hapo, lakini kujichukia hakukuuondoa.

Mkewe alirudi siku hiyo hiyo, mkutano haujaisha. Alipitia kwa Mpishi kwanza, kisha akaja nyumbani, gauni la bluu limejaa vumbi.

"Ulimweleza Msusi?"

Aliuliza bila ukali. Labda angeuliza kwa ukali angepata ukweli.

"Nilimweleza," Dakta alisema. "Kidogo."

Mkewe alimtazama, akaenda kunawa.

Siku tano baadaye alirudi kutoka kisimani na aproni imekunjwa mkononi, akaiweka juu ya cherehani.

"Msusi ameacha. Nimemwambia, Dakta anasema alikueleza. Unajua amejibu nini? Amesema, kama Dakta anasema alinieleza, basi alinieleza, ni mimi sikusikia. Anasema hataki kumgusa mgonjwa tena maisha yake yote. Hata wateja jana aliwarudisha, mikono ikimtetemeka."

Dakta alikuwa anakunywa maji. Hakuyamaliza. Alitegemea yule binti abishe, apige kelele, amwite mwongo. Hapo wangegombana na yeye angeshinda, maana nani angemwamini msusi dhidi ya Dakta? Hakutegemea aaminiwe.

Alivaa viatu vyote viwili, akaenda kisimani.

Msusi alikuwa na mteja mmoja, mama mnene aliyekaa kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa. Alipomwona Dakta alitaka kusimama.

"Kaa, binti. Nina neno."

"Karibu, Dakta. Tuzungumze baadaye, nina mtu."

"Nikisubiri baadaye sitasema. Sikukueleza. Siku ile njiani, nilikusalimu na kukuambia habari ya mvua. Basi. Habari ya mzee nilikuwa nayo mdomoni, nikakunyima kwa makusudi. Si wewe."

Mteja alitulia kama aliyechorwa. Msusi alimaliza msuko aliouanza, akaufunga uzi, akaukata. Ndipo akasema, bado anatazama kichwa cha mteja:

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu mke wangu."

"Siku tano, Dakta." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku tano nikifumba macho namwona yule mzee. Nimemwambia mama yangu mimi ni muuaji."

"Nisamehe."

"Sijui. Nenda ukaseme mkutanoni, wote wasikie. Hilo la kusamehe utaniacha kwanza."

Akarudi nyumbani akamweleza mkewe. Mkewe alizima cherehani.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu uliposema 'kidogo'. Nilingoja useme mwenyewe, nikaona siku zinakwenda, na mtoto wa watu anaumia." Alifuta uso kwa kiganja. "Miaka tisa umesimama mbele, nami nimekupigia makofi. Sikuchoka hata siku moja. Wewe umeshindwa miezi sita?"

Dakta alikwenda kabatini, akalitoa daftari, wakakaa nalo mezani tangu saa nane mpaka jua linazama, yeye akisoma mwandiko wake mbaya, mkewe akiandika kadi moja moja.

Jumamosi alisema mkutanoni, amesimama, bila kupunguza. Kulikuwa na kelele. Mvuvi mmoja alitaka afukuzwe kabisa. Wengine walilia, kwa kuwa wengi walijifunza kazi kwa mikono yake. Mwishowe walimvua ushauri, wakampa zamu kama mhudumu mpya, chini ya mtu wa kumsimamia. Mkewe hakupiga kura. Msusi, aliyekaa mstari wa nyuma, aliinua mkono.

"Mimi nitamsimamia," alisema. "Zamu ya Mpishi."

Jumatatu walikwenda pamoja. Msusi alimwonesha pa kunawia, kana kwamba hajui. Dakta akanawa. Alimlisha mzee kijiko kwa kijiko huku binti akitazama kila kijiko, na hakumwambia amefanya vizuri. Ilichukua wiki nyingi kabla hajaanza kumwita Dakta tena.

Wivu wenyewe haukuisha. Mwaka uliofuata mtandao ulimchagua mkewe kwenye kamati ya vyama vyote vya ukanda ule. Habari zilipofika Dakta alikisikia kile kitu kooni, mahali pale pale. Alitoka uani, akachukua shoka, akapasua kuni mpaka shati likamgandia mgongoni. Kisha akaingia ndani.

"Hongera, mwenyekiti."

"Umechelewa kidogo," mkewe alisema, macho kwenye mshono.

"Nilikuwa napasua kuni."

"Nimesikia. Zitatutosha mpaka mwaka kesho."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa Dakta.