Kifungu cha Ruhusa

Kombora la kwanza lilianguka Zénon akikaribia kutia saini. Vioo vya ukumbi wa hoteli vilitetemeka, na wajumbe wa nchi za bonde la Naili wakakodoleana macho, kila mmoja akingoja mwenzake awe wa kwanza kuogopa.

Mkataba ulizitaka nchi za juu ya mto, Burundi ikiwamo, ziombe ruhusa kwa nchi za chini kabla ya kujenga bwawa au mfereji wowote. Zénon, mhandisi aliyetumwa na wizara, alikuwa amechoka kubishana. Vita vilikuwa vimeila nchi miaka mingi. Nani angejenga bwawa? Mkubwa wake alikuwa amemwambia aridhie, dunia ione kwamba Burundi bado ina serikali.

Mlinzi aliingia akihema. "Makombora yameanguka mtaa wa Mutanga Sud, nyuma ya kampasi ya chuo kikuu."

Laure, mke wa Zénon, alikuwa huko nyumbani kwao. Zénon alitoka mbio. Alipowasha gari, mlango wa pili ulifunguliwa, akaingia Khaled, msemaji wa nchi ya jangwani kule chini, mtu mkavu aliyempinga tangu mazungumzo yaanze.

"Nilikuwa daktari jeshini," alisema kwa Kifaransa. "Endesha."

Waasi waliendelea kufyatua makombora kutoka milimani. Watu walikimbia na magodoro vichwani. Karibu na kampasi, mwanamume mmoja alitembea polepole, mkono wake ukining'inia kwa ngozi tu, akiwasalimu waliompita.

Laure alikuwa hai. Alikuwa amepiga magoti barazani kwa jirani yao Jovithe, akilibana tumbo la jirani huyo kwa kitenge kilicholowa damu chepechepe. Bomba kuu la mtaa lilikuwa limepasuka. Maji yalibubujika barabarani, yakapita mbele yao yakiwa mekundu.

"Maji," Jovithe alisema. "Zénon, ndugu yangu, nipe maji."

Laure alikuwa na birika la maji ya kunywa. Khaled, vidole vyake vikiwa tayari ndani ya jeraha, alitikisa kichwa. "Msimpe. Utumbo umetoboka."

"Nakuomba," Jovithe alisema tena.

Hasira za mazungumzo yote zilimpanda Zénon. Mtu huyuhuyu tena, akiamua nani anywe. Alilichukua birika, akainua kichwa cha Jovithe, akamnywesha. Jovithe alikunywa kwa pupa, akamshukuru kwa macho, kisha akaanza kutapika damu. Alikata roho mikono ya Khaled ikiwa bado tumboni mwake.

Kombora jingine lilibomoa ukuta wa nyumba ya pili. Khaled alichuchumaa barabarani, akanawa.

"Baba Armel," Laure alimwambia mumewe walipokuwa wakimfunika marehemu, "tungemsikiliza huyo Mwarabu, angepona?"

Zénon alimfunika Jovithe uso.

Kesho yake wajumbe walirudi mezani. Zénon hakuwa amelala. Alingoja Khaled aseme, kwani sentensi moja ingetosha kummaliza: kwamba Mrundi huyu hajui hata wakati wa kuyazuia maji. Khaled hakuisema. Alimsogezea tu mkataba.

"Sitatia saini kifungu cha ruhusa," Zénon alisema. "Tutawaarifu. Tutawasikiliza. Ruhusa hatuombi."

"Nchi yako inaungua, mheshimiwa. Utajenga nini?" Khaled aliuliza.

"Sijui. Lakini kuna watakaobaki, nao watakuwa na kiu." Aliurudisha mkataba katikati ya meza. "Jana huenda nilimuua rafiki yangu. Wewe ulikuwa na elimu, mimi nilikuwa na hasira. Ila hukumtazama usoni alipokuwa akiomba."

"Nilimtazama," Khaled alisema polepole. "Kwetu hakuna mto mwingine. Kila ninapokaa mbele yako naziona nyuso za watu wangu, zimekauka midomo. Ulidhani jana nilimwona nani?"

Mizinga ilianza tena, karibu zaidi. Wajumbe wengine waliteremka chini ya meza, mmoja akisali kwa sauti. Chokaa ilidondoka kutoka darini, ikawapaka nywele Zénon na Khaled weupe uleule. Hakuna kati yao aliyeinuka.

Khaled aliuvuta mkataba kwake, akalikata neno "ruhusa" kwa mstari mmoja mzito. Kisha akaugeuza ili Zénon aone, naye Zénon akapangusa chokaa kwa kiganja. Juu ya mstari ule palikuwa na nafasi ya neno jingine. Waliinamia pale kulitafuta pamoja, vichwa vikikaribia kugusana, huku vioo vikipasuka nyuma yao.