Bolti Iliyobaki

Mambo yaliharibika Alhamisi, siku ya kwanza ya mvua kubwa, na yaliharibika pikipiki ikiwa imekaribia kupona.

Ilikuwa uani kwa mzee fundi, chini ya bati, imesimama kwa stendi kubwa. Mali ya zahanati. Binti yake, nesi wa zahanati hiyo, alikuwa ameileta akilalamika kwamba ikikata kona, mkia unakwenda njia yake. Mzee hakuuliza zaidi. Alilishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalisukuma, akalivuta. Ko. Ko.

"Fundi wa ofisini alisema imepona," binti alimwambia.

"Imepona! Amekaza nati mpaka ikalia, basi." Akaugonga ule uma wa chuma unaobeba gurudumu. "Mkono huu unatakiwa upande na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, lakini kwa pembeni usiyumbe hata unywele. Bushi, zile pete za ndani, zimekwisha. Ukikaza tu, unaficha ugonjwa. Lakini wakubwa wenu ndiyo kazi yao. Kukaza!"

"Na mvua wameileta wao, baba?"

"Mvua sijui. Mtaro nani aliuziba?"

Mtaa mzima ulimwita Mzee Lawama. Kuku wake akichelewa kutaga, walisema, atauliza mwenyekiti ni nani. Aliwaacha wacheke. Wao hawakumzika mtu kwa sababu ya shimo. Mkewe alifia kwenye kona ya daraja, amepakiwa nyuma ya pikipiki, kwenye shimo ambalo kila mkubwa alilitazama kupitia kioo cha gari lake akapita. Walikuja msibani na miwani myeusi. Wakaahidi. Shimo bado lipo, na limeshapata wadogo zake.

Basi alifungua gurudumu, akatoa mnyororo, akachomoa bolti ndefu inayoushika mkono kwenye fremu. Bushi za zamani zilitoka vipande vipande, kama maganda ya yai. Mkereza vyuma wa jirani alimkerezea mbili za shaba, huku akipiga mluzi. Zikaingia kwa kubembelezwa, gongo la mti juu ya kipande cha ubao, bila papara. Akaurudisha mkono mahali pake. Alikuwa anaipaka bolti grisi simu ya binti ilipoita.

"Uchungu umeanza lini?" binti alikuwa anauliza. "Mtoto ametanguliza nini? Mguu? Msimvute. Nasema msimvute! Nakuja."

Akakata, akageuka. "Baba, imebaki nini?"

"Bolti hii. Halafu gurudumu na mnyororo. Maji hayajachemka nitakuwa nimemaliza."

"Maliza basi. Ni ng'ambo ya daraja."

Mzee akaitia bolti kwenye mfuko wa shati. Grisi ikajichora kifuani.

"Mpigie mkubwa wako alete gari. Anayo magari. Moja linampeleka mkewe sokoni."

"Nimempigia tangu alfajiri kwa mambo mengine. Hapokei."

"Umeona?"

"Nimeona. Na yule mwanamke aone nini?"

"Pale maji yameshafunika shimo, mwanangu. Hutaliona."

"Nitashuka, nitaikokota."

"Mama yako naye..." Akajifanya anatafuta spana.

Binti alimsogelea, akamtazama lile doa kifuani. Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika.

"Baba, umeitengeneza ili nani aipande?"

Hakungoja jibu. Simu akaiacha juu ya kigoda, katikati ya spana, akaingia ndani kutafuta koti la mvua na mkoba. "Nikitoka nisipoikuta tayari, naenda kwa miguu," akasema kutoka ndani. "Na unanijua."

Alimjua. Kichwa kile alikirithi kwa marehemu, hakuna mkubwa wa kulaumiwa.

Mzee akaitoa bolti. Akailenga tundu, akaisukuma kwa kidole gumba. Iliingia nusu, laini, bila nyundo. Akauinua mkono, akaushusha. Akaujaribu kwa pembeni. Kimya. Kwa miaka mingi hakuwa amefanya kazi nzuri kama ile, na uzuri wake ndio uliomuuma. Ingekuwa imekataa kuingia, angekuwa na la kusema.

Simu ikatetemeka juu ya kigoda, ikazigusa spana zikalia. Huyo ndiye mkubwa, akawaza, sasa amekumbuka. Matusi yalikuwa tayari kooni, ya tangu msiba. Akaipokea kwa vidole vya grisi.

"Sema!"

Mvua ilikuwa inapiga bati upande wa pili wa simu, na nyuma ya mvua mwanamke alikuwa anaguna kwa meno yaliyoumana. Kisha sauti ya kijana, ya mtu anayejitahidi asilie mbele ya mkewe:

"Shikamoo, mzee. Mke wangu anauliza, nesi ameshatoka?"