Uzito wa Kaka

Fundi alikuwa na kawaida ya kuzungumza huku ameng'ata misumari, ndiyo maana watu walimwita Misumari. Asubuhi ile alipopigilia ubao wa mwisho, alitema kiganjani msumari mmoja uliobaki, akasema daraja limekwisha. Lilikuwa daraja la kawaida: magogo mawili yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, mbao za kukanyagia juu yake, na kamba ya kushikilia iliyokazwa upande mmoja. Kitinda, aliyekuwa akimpa mbao tangu kazi ianze, alifagia maranda kwa mguu, yakaangukia mtoni yakachukuliwa. Wakati wa kiangazi mtoto huvuka mto ule bila kulowa magoti. Sasa mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yanapanda.

Walilijaribu kwanza kwa fahali. Alivuka na magunia ya mawe mgongoni, akageuzwa, akarudi, na magogo hayakulia. Kisha Wifi, mke wa kaka yake Kitinda, akavuka na ndoo kichwani. Aliporudi alisema linatikisika kidogo tu, kama kitanda kipya.

"Sasa apite mwenyewe," akasema Misumari.

Mwenyewe alikuwa Kaka, mtoto wa kwanza wa nyumba ile kama Kitinda alivyokuwa wa mwisho. Daraja lilikuwa lake na shamba la ng'ambo lilikuwa lake, au ndivyo ilivyosemwa tangu baba yao afariki. Msimu uliopita mto ulifurika, mahindi yakamwozea huko huko, ndipo akamwita fundi.

Kitinda alikuwa na habari nyingine. Siku ya mazishi, jikoni, mama yake alimnong'oneza kwamba baba, kabla ya kukata kauli, alisema ng'ambo apewe Kitinda, na Kaka alikuwapo akaitikia. Wakati huo Kitinda alikuwa kwa mumewe na hakuwa na haraka. Ndoa ilipovunjika akarudi nyumbani, akamuuliza mama tena. Mama, ambaye sasa alikula na kulala kwa Kaka, alisema siku ile masikio yalikuwa yameziba kwa kilio, hakusikia vizuri. Kaka akampa dada yake chumba nyuma ya ghala, pamoja na miti miwili iliyokitia kivuli. "Na miti ni yako," alimwambia mbele ya watu. "Asije mtu akasema nimekunyima."

Kaka akapanda darajani. Ubao wa kwanza ulinyamaza, wa pili ukalia, na alipokanyaga wa tatu magogo yakaanza kupinda. Alikuwa mtu mwembamba ambaye suruali zote humpwaya. Alipofika katikati, maji yalikuwa yameshaingia viatuni.

"Umebeba nini, mzee?" Misumari aliuliza.

"Sijabeba kitu." Aliinua mikono waone.

Alijaribu kurudi nyuma. Mguu ulipotua, daraja lilishuka tena, maji yakampanda hadi kwenye miundi. Akaacha kujaribu. Wakamrushia kamba, akajifunga, ncha ya pili wakamfunga nayo fahali aliyekuwa ukingoni. Fahali alivuta mpaka kwato zikachimba mashimo, kamba ikakatika.

"Kila siku namwambia asile usiku," alisema Wifi, lakini hakuwa akicheka.

Misumari alichuchumaa, akayachungulia magogo kwa chini. "Watu wa hivi wapo," alisema. "Niliwahi kumjengea mmoja ngazi. Mwishowe alihamia vyumba vya chini." Akaeleza kwamba kosa si la mbao. Mtu wa hivi hupungua akilitaja alilolificha, na asipolitaja huwekewa nguzo. Yeye alikuwa tayari kwa lolote, ila waamue mapema.

Hakuna aliyeuliza kimefichwa nini. Mama alikuja kwa mwendo wa haraka kutoka nyumbani, akapanda darajani amshike mwanawe mkono. Alikuwa kikongwe, ukimbeba ni kama umebeba nguo za kufua. Ubao wa kwanza ulizama chini ya nyayo zake, si sana, kiasi cha vidole vinne. Mama akautazama. Kisha akamtazama Kitinda, akashuka taratibu, akaketi kwenye nyasi.

Kitinda alikuwa amejiandaa kwa uzito wa kaka yake. Kwa uzito wa mama hakuwa amejiandaa.

"Mwanangu," mama alisema bila kuinua uso, "miti mingine yote tumeimaliza kwenye daraja. Imebaki yako."

"Aseme kwanza."

"Maji yamemfika magotini, Kitinda."

"Nimeyaona, mama. Aseme kwanza."

Kaka hakuwa mbali, aliyasikia yote. Maji yalikuwa yakimsukuma ubavuni na takataka za huko juu zilikuwa zikimnasa miguuni.

"Kaka," Kitinda alimwita. "Baba alisemaje?"

Gogo moja likatoa mlio wa kuchanika.

"Baba," akaanza, na daraja likapanda kidogo. Wote waliona. "Baba alisema ng'ambo..." Likapanda tena, mbao zikatoka majini zikichuruzika, viatu vyake vikaonekana vimejaa tope. Kitinda alibana pumzi. Lilikuwa limebaki jina moja, na aliiona midomo ya kaka yake ikijikusanya kulitamka.

Kaka aligeuza shingo, akaliangalia shamba. Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri, yanangoja kuvunwa.

"Baba alisema ng'ambo kuna rutuba," akasema.

Daraja lilishuka kwa kishindo, maji yakamfika kiunoni. Alishikilia kamba kwa mikono miwili, akafumba macho.

Misumari alikuwa ameshaokota shoka, lakini hakuondoka. Alikuwa akimngoja Kitinda. Mama alikuwa akilia bila sauti. Kitinda alimtazama yule mtu aliyesimama kwenye maji. Ndiye aliyekuwa akimvusha mto huu mgongoni utotoni, akimwambia akunje miguu asilowe. Alimchukia, na alikuwa kaka yake, na gogo lilikuwa linaendelea kuchanika.

"Kateni," alisema.

Miti ilianguka mmoja baada ya mwingine, wa pili ukagonga pembe ya paa la chumba chake. Misumari akaipunguza matawi, akaichonga ncha, fahali akaiburuta hadi mtoni. Kitinda mwenyewe aliingia majini, kamba kiunoni, kuishika nguzo ya kwanza isimame wima wakati fundi akiigonga. Kaka alikuwa amesimama pale pale, karibu kiasi cha kusikilizana pumzi.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema.

"Usitikisike," alimjibu.

Nguzo ziliposhika, magogo yakatulia. Kaka alimalizia daraja kwa mwendo wa mtu anayetembea juu ya paa bovu, akafika ng'ambo, akavunja hindi moja, akalimenya kuona punje.

Daraja lile lipo. Lina nguzo nyingi kuliko mto wenyewe unavyostahili, maana kila baada ya mavuno Kaka huhitaji kuongezewa. Wageni wakiuliza, huambiwa kwamba mwenye daraja ni mzito, nao huitikia na kupita. Mama hapiti, anasema ni magoti. Chumba cha nyuma ya ghala hakikaliki mchana kwa jua, kwa hiyo Kitinda hushinda shambani, akipalilia ng'ambo pamoja na wengine wanaomlimia Kaka.

Fundi aliacha sharti moja tu, kwamba Kaka anapokuwa darajani asiwepo mtu mwingine. Basi kila asubuhi Kitinda husimama ukingoni, jembe begani, akamwacha atangulie. Humchukua muda, kwa kuwa hupumzika kwenye kila nguzo. Akishafika hugeuka, humpungia mkono kumwonyesha kwamba sasa anaruhusiwa, naye huvuka.